Mama Aliyekula Moto

Sigara iliyozimwa kwa mate ina harufu yake. Si ile ya sigara iliyokanyagwa chini, wala ile inayoganda kwenye shati la mvutaji. Ni harufu chungu yenye majimaji, kama kaa la moto lililomwagikiwa uji. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Mwanga nimeinama nachagua nyanya, ikapita nyuma yangu. Kabla sijageuka kuona nani ameileta, uso ulikuwa umeshapata joto. Muuza nyanya akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamwambia hapana, ni jua tu. Nina watoto, nina kazi ya heshima, watu wazima wenzangu wananisalimia kwa adabu. Lakini pale nilikuwa mtoto tena, mtoto wa Mama Yusta wa Buzebazeba, na nilitamani kujificha nyuma ya matenga.

Wenzangu mliokulia kando ya ziwa huenda mmewahi kuwaona wanawake wanaovuta moto ndani. Mimi niliona kwa mama yangu kwanza, na kwa muda mrefu nilidhani ni yeye peke yake duniani mwenye uwezo huo.

Mama alikuwa mwanika dagaa mwaloni Ujiji. Asubuhi mitumbwi ikirudi, alinunua dagaa kwa beseni, akawatandaza kwenye nyavu juu ya mchanga, kisha akawa mlinzi wao dhidi ya kunguru na mbuzi. Siku zisizo za shule nilimsaidia kufukuza kunguru. Kazi ikipungua alikaa nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, akafungua pindo la kitenge, akatoa sigara. Aliiwasha, akavuta mara moja kama watu wengine, halafu akaigeuza. Ule upande unaowaka ukaingia mdomoni. Akafunga midomo, akaendelea kuchambua dagaa kana kwamba hana kitu chochote kinywani. Moshi haukuonekana. Mashavu tu yalikuwa yakiingia ndani na kutoka, taratibu, kama tumbo la chura. Mwisho alitema kitu cheusi kwenye mchanga na kukifukia kwa kisigino.

"Mama, huungui?" nilimuuliza siku moja.

"Ni dawa ya jino," alisema. Alisukutua kwa maji ya ziwa, akatafuna majani ya mpera. "Na Baba usimwambie habari za jino. Atahangaika bure."

Sikumwambia Baba. Katika akili yangu ya miaka saba, hilo ndilo nililokatazwa, na nilitii. Kwa upande mwingine sikuamini habari ya jino. Nilichoamini ni kwamba Mama anakula moto, na kwamba ndiyo sababu hasikii baridi ya alfajiri wakati sisi wengine tunatetemeka. Nilijivunia jambo hilo kimoyomoyo. Watoto wengine walikuwa na mama wanaojua kusoma, au wenye duka. Mimi nilikuwa na huyo.

Baba alikuwa fundi cherehani pale Mwanga, Muha wa Kasulu, mtu wa maneno machache na pasi kali. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, akikaa benchi la mbele upande wa wanaume, na kola yake ilikuwa imenyooka kuliko ya mchungaji. Mama alitoka Burundi akiwa mtoto, akaletwa na shangazi yake. Nyumbani walielewana vizuri, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu. Tatizo lilikuwa Kiswahili. Mama alisema "rakini" badala ya "lakini", na kina mama wa kwaya walikuwa wakitazamana kila alipofungua mdomo. Kwa hiyo kanisani hakuufungua sana.

Jumapili moja, mwalimu wetu wa watoto, dada mmoja aitwaye Skola, alitufundisha habari za jehanamu. Alitueleza vizuri mno. Alisema hakuna binadamu anayeweza kuuvumilia moto ule hata kwa muda wa kupepesa jicho.

Nikanyoosha mkono. "Mama yangu anaweza."

"Anaweza nini, Yusta?"

"Moto. Anauweka mdomoni, anafunga, na haungui."

Watoto walicheka. Nilikasirika, nikasimama nikawaonyesha: nikachukua kipande cha chaki, nikajifanya nakiwasha kwa kiberiti, nikavuta, nikakigeuza, nikafunga midomo na kuyachezesha mashavu. Nilifanya vizuri kwa sababu nilikuwa nimetazama vizuri. Nilipofumbua macho, dada Skola hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika kifua.

"Kaa chini, mwanangu," alisema kwa upole. Nikadhani ameniamini.

Wiki ile ile, wazee wawili walikuja nyumbani jioni, jua lingali juu. Aliyeongoza alikuwa Mzee Zakayo, jirani yetu wa mtaa wa pili, mtu aliyekuwa akitununulia pipi. Walisali, wakanywa chai, kisha Mzee Zakayo akasema wamesikia neno, na kwamba ni vyema neno kama hilo limalizwe mapema. Baba alicheka. Kweli alicheka, kwa mara ya kwanza mbele ya wageni. "Mke wangu? Sigara? Mzee, huyu ninalala naye."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hakucheka.

"Basi ni rahisi," Mzee Zakayo akasema. "Mama, sogea hapa kwenye mwanga. Fungua mdomo."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, na ninakumbuka nilifurahi. Nilidhani sasa wataona. Mama akaweka birika chini. Akamtazama Baba. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayesubiri kupewa kitu mkononi. Baba alikuwa anatazama sakafu. Basi Mama akasogea kwenye mwanga, akainua uso, akafungua mdomo, na wazee wale wawili wakainama kuchungulia kama watu wanaotazama ndani ya mtungi. Na mimi nikainuka nikachungulia. Niliutafuta moto. Niliona nyama ya juu ya mdomo imekuwa nyeupe, yenye mabaka, na vitobo vyekundu vidogovidogo katikati.

"Yesu," alisema yule mzee wa pili.

Mama akafunga mdomo, akachukua birika lake, akaenda nyuma ya nyumba. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilichoonekana hakikuwa kitu cha kujivunia. Sikuelewa zaidi ya hapo. Nilijua tu kwamba mwili wangu wote ulikuwa unataka kuwa mdogo.

Mama hakunipiga. Ningependa angenipiga. Baba pia hakunipiga, wala hakumpiga yeye. Alihamishia cherehani ya nyumbani chumba cha mbele na akawa anashona hadi chakula kinapoa. Kanisani Mama alitengwa na meza ya Bwana, akaambiwa akae benchi la mwisho mpaka atakapoacha na kushuhudia. Baba aliombwa asimame kando kidogo katika uzee wake. Shuleni, habari zilifika kabla yangu. "Mla Moto! Mla Moto!" waliniita, na waliokuwa hodari walichezesha mashavu kama nilivyowafundisha mwenyewe. Nikaacha kwenda mwaloni. Nikimwona Mama anakuja barabarani na beseni kichwani, nilijifanya nafunga kamba za viatu, na viatu vyangu vilikuwa vya plastiki, havina kamba.

Yale mabaka ndiyo yaliyompeleka zahanati. Muuguzi alimwambia waziwazi: acha, au kidonda hicho kitageuka kuwa kitu kingine. Akamwelekeza kwenye kikundi cha watu wanaotaka kuacha tumbaku, kilichokaa pale zahanati chini ya turubai. Nilikwenda naye kwa kuwa Baba alikataa. Walikuwa wanaume watupu, makuli wa bandarini na madereva. Walipewa vijitabu, wakaambiwa kila mmoja ajieleze. Ilipofika zamu yake Mama alisimama, akasema, "Mimi navuta, rakini…" Mmoja akarudia, "Rakini!" na turubai zima likacheka. Mama akakaa. Kijitabu alikishika juu chini mpaka mwisho, na mimi niliona, lakini sikukigeuza kwa kuogopa wengine nao waone.

Tulipokuwa tunaondoka, mhudumu mmoja wa afya, mama mnene mwenye sauti ya mwanaume, alitufuata hadi barabarani. Alimsalimia Mama kwa Kirundi. Nilimwona Mama akiinua kichwa.

"Kule kwenye kambi za wakimbizi tuna kitu kingine," yule mhudumu alimwambia. "Ni masomo ya kuacha mwenyewe, nyumbani kwako, kwa lugha yako. Huhitaji kusoma, huhitaji kusimama mbele ya mtu. Unasikiliza, unafanya, ukiwa tayari unaendelea." Kesho yake alileta redio ndogo ya memori kadi, nyekundu, yenye mkanda wa kushikia.

Ndivyo yule mtu alivyoingia jikoni kwetu. Sauti yake ilikuwa ya mzee asiye na haraka. "Mwaramutse," alisema kila alipoanza, yaani habari za asubuhi, hata kama ni mchana. Alieleza jambo, kisha akauliza swali, kisha ikapigwa ikembe, kile kinanda kidogo cha vidole gumba, ting ting ting, ili msikilizaji apate muda wa kujibu kwa sauti. Mimi niliamini kwamba anatusikia. Niliamini kwamba ananyamaza kwa sababu anamsikiliza Mama, na ile ikembe anaipiga mwenyewe ili asionekane ana pupa. Kwa hiyo nikawa naingia jikoni kwa adabu, kwa kuwa kulikuwa na mgeni.

Alimwambia Mama achague siku ya kuacha na asiitangaze. Alimwambia ahame pale anapovutia, na Mama akahamisha nyavu zake mbali na ule mtumbwi uliopinduliwa. Alimwambia aupe mdomo kazi nyingine, na Mama akawa anatembea na tangawizi kwenye pindo la kitenge palipokuwa na sigara. Alimwambia hamu ni kama mgeni asiyepewa kiti, itasimama mlangoni, itachoka, itaondoka. Mama alijibu, "Hii ya kwangu haichoki." Ting ting ting, ikembe ikapiga. Nikaona mzee amelipokea hilo.

Kisha likaja somo ambalo sauti iliuliza: nani alikupa sigara ya kwanza, na ulikuwa wapi?

Mama alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Ikembe ikapiga ikaisha. Akarudisha nyuma, akasikiliza swali tena. Safari hii alijibu, kwa Kirundi, macho yakiwa kwenye ndizi.

Alisema ilikuwa kwenye matete, kando ya mto, walipokuwa wanakimbia. Walikuwa wanawake na watoto peke yao, na upande wa pili wa mto kulikuwa na watu wenye bunduki. Yeye alikuwa mkubwa kidogo kuliko mimi wa wakati ule. Alikuwa na njaa na alikuwa analia, na kilio kingewaua wote. Shangazi yake alikuwa anavuta sigara moto ukiwa ndani, kwa sababu cheche ya sigara inaonekana mbali gizani. Akaitoa mdomoni mwake akaiweka kwenye mdomo wa Mama, akamwambia afunge na asifungue kwa lolote. "Moto uliniunguza," Mama alisema, "na nilinyamaza. Tangu hapo kila nikiogopa mdomo wangu unautaka."

Ikembe ilikuwa imeisha zamani. Yule mtu akasema asante, na akaendelea na somo.

Nilitaka kuuliza kama ni kweli. Badala yake niliokota maganda ya ndizi, yote, hata yale yaliyokuwa tayari kwenye ndoo niliyatoa nikayarudisha. Miezi yote ile nilikuwa nimemwonea aibu kwa kitu ambacho alifundishwa ili asife.

Hakuacha kwa mkupuo. Mvua ilipoharibu dagaa wa siku nzima, alirudi nyumbani akinuka ile harufu, akakaa jikoni bila kuwasha redio. Nikamwashia mimi. Kulikuwa na somo la walioteleza. Nilikuwa nimeshakariri mpangilio wake. "Umevuta moja," sauti ilisema. "Huna haja ya kuvuta ya pili ili kuadhibu ya kwanza." Mama alicheka, cheko fupi la puani, akaenda kusukutua. Akateleza tena baadaye, na tena, na kila mara muda wa katikati ukawa mrefu zaidi. Mabaka ya mdomoni yakaanza kufifia. Muuguzi akaandika kwenye kadi yake kwamba hali ni nzuri, na Mzee Zakayo aliposikia hilo akapeleka habari kwa mchungaji. Mama apangiwe siku ya kushuhudia.

Mchungaji alikuwa mtu wa mikoa ya mbali, hakujua Kiha wala Kirundi. Mama alisema atashuhudia, ila kwa lugha yake. Mchungaji akafikiri, akasema si neno, mume wake atamtafsiria. "Neno kwa neno, Mzee Filimoni," alimwambia Baba mbele ya watu, "ili tubarikiwe sote."

Wakasimama mbele, yeye kulia, Baba kushoto, kola imenyooka. Mnajua jinsi tafsiri ya kanisani ilivyo: mtafsiri hasemi "amesema kwamba". Anasema "mimi".

Mama akasema sentensi, Baba akaifuata.

"Mimi nilikuwa navuta sigara, moto ukiwa ndani," Baba alisema.

"Nilifundishwa nikiwa mtoto, tulipokuwa tunajificha tusiuawe." Hapo Baba alimgeukia. Hakuwa amewahi kulisikia hilo. Sauti yake ilishuka, lakini akaendelea. "Nimeacha. Imenichukua muda. Sikuachishwa na benchi la nyuma."

Watu wakacheka kidogo, bila uhakika. Mama akavuta pumzi, akasema tena, kwa utulivu, maneno machache tu.

Karibu kanisa zima lilielewa. Sisi ni watu wa Kigoma. Kirundi hakihitaji mtu wa kututafsiria. Nilisikia kina mama wakiguna. Kwa hiyo kila mtu alikuwa ameshajua alichosema, na kila mtu alikuwa anamsubiri Baba. Mchungaji peke yake alikuwa akitabasamu.

"Endelea, mzee," alisema.

Baba alilamba midomo. Ningeweza kumsamehe kama angesema jambo jingine, asante Yesu, au tuombeane. Mimi mwenyewe nilimwomba Mungu Baba yangu aseme jambo jingine. Nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi, natazama mgongo wa mtoto aliyekaa mbele yangu.

"Siku niliyoambiwa nifungue mdomo," Baba alisema, "nilimtazama mume wangu." Akashika kola yake. "Na mume wangu alitazama sakafu."

Alilisema kwa Kiswahili safi, kila silabi mahali pake. Mzee Zakayo akakohoa. Mchungaji hakuwa anatabasamu tena; akaanzisha pambio, kwa haraka, na kwa ufunguo wa juu mno.

Baba hakurudi upande wa wanaume. Alimfuata Mama hadi nyuma, upande wa wanawake, akakaa kando yake, magoti yakimgusa aliyekaa mbele. Nawaambia ukweli wangu wa siku ile: sikuona kwamba ni jambo zuri. Niliona kwamba sasa wote wawili wanatazamwa.

Tulikuwa tumekaribia nyumbani.

"Ungeniambia nyumbani," Baba alisema.

"Nyumbani ungenitafsiria kwa nani?" Mama akamuuliza.

Baba akampokea Biblia na pochi, vitu viwili visivyo na uzito, akavibeba hadi mlangoni.

Uzee wa kanisa walimrudishia baadaye, akaukataa, na sikuwahi kumsikia akieleza kwa nini. Jina la Mla Moto lilinifuata mpaka nilipohama shule. Redio ilikaa jikoni kwa sababu yule mhudumu alisema ikae mpaka mwingine aihitaji.

Ilikuwa mchana wa siku ya kazi, nami nachambua mchele, mtu alipobisha mlango wa nyuma badala ya wa mbele. Nikafungua. Alikuwa mke wa Mzee Zakayo, yule aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya na aliyekuwa wa kwanza kucheka "rakini". Alikuwa amejifunika khanga mpaka puani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Alimtazama Mama juu ya kichwa changu, kisha akateremsha khanga kidogo, na ile harufu ikaingia jikoni pamoja naye.

"Mama Yusta," alisema kwa Kiha, kwa sauti ndogo. "Ile redio… bado ipo?"

Mama alifuta mikono. Hakumwambia afungue mdomo. Alivuta kigoda, akakipangusa, akaniambia niende nje nikacheze, na kwamba sikumwona mtu.

"Injira," akamwambia. Ingia.